Lita Thelathini na Tatu

Meneja wa mtambo wa maji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi tu, na karatasi iliyokuwa mezani kwake Jumatatu ile ilisema mtaalamu wa maabara akae kwenye nyumba za kampuni, hatua mia mbili kutoka kwenye matangi, badala ya kusafiri kila siku kutoka mjini, kilomita sabini kwenda na sabini kurudi.

"Nyumba namba nne iko tupu," alisema. "Vyumba viwili, na maji hayakatiki."

"Kwenye mtambo wa maji yakikatika si tutafukuzwa wote," alijibu mtaalamu.

Meneja hakucheka. Alikuwa anatafuta kalamu.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye stashahada ya kemia ya maji na mabinti mapacha wa miaka kumi, kwa hiyo kazini na mtaani wote walimwita Mama Pacha. Mume wake alikuwa fundi cherehani mwenye duka mjini. Nusu ya sare za shule za mji ule zilipita mikononi mwake, na wateja wa aina hiyo hawamfuati fundi porini. Shule ya watoto nayo ilikuwa mjini. Basi la kwanza la kuelekea mtamboni lilifika saa mbili na nusu, na sampuli ya kwanza ya maji ilitakiwa saa moja. Kwa hiyo lilikuwa gari lake au namba nne, na namba nne maana yake ilikuwa kuhamia peke yake: aondoke nyumbani Jumatatu alfajiri, arudi Ijumaa jioni na begi mkononi kama mgeni.

"Sitaki," alisema.

"Sijakuuliza kama unataka, Mama Pacha. Kampuni ndiyo inayokujazia mafuta, na mafuta yamezidi."

"Yamezidi nini? Niwekee kiwango. Nikikivuka, nahama bila kusukumwa. Nisipokivuka, nisisikie tena habari za namba nne."

Neno kiwango lilimkuna meneja pale palipokuwa panamwasha. Alivuta kikokotoo, akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena.

"Lita thelathini na tatu kwa wiki. Nakupa wiki tatu za kujipanga. Ya nne ndiyo mtihani. Ukizidisha hata kikombe cha chai, unahama."

Kabla hajafika mlangoni, Mama Pacha alikuwa ameshapiga hesabu kichwani. Kilomita mia saba kwa lita thelathini na tatu: ishirini na moja na kidogo kwa kila lita. Akatabasamu. Gari lake lilikuwa haibridi, la petroli na betri, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi magari aliyemtafutia gari hilo miezi miwili iliyopita, alikuwa ameapa mbele ya familia nzima kwamba linakwenda kilomita ishirini na saba kwa lita. "Na likiona barabara kuu, shemeji, linazidi."

Wiki ya kwanza aliendesha kama siku zote: spidi mia, mia na tano pakiwa peupe, kiyoyozi kikimpuliza, redio ikiongea peke yake. Kwenye dashibodi kulikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha ulaji wa mafuta. Ijumaa jioni kilisema 21.4. Mama Pacha akaegesha kwenye pampu ya kampuni kama mtu aliyekuja kuchukua zawadi.

Pampu ilikuwa chini ya mtunza stoo, mtu mnene, mpole, aliyeitwa Bonge na akaitika. Nyumbani kwake kulikuwa katikati ya njia ya mjini, na alipanda gari la Mama Pacha asubuhi na jioni, kwani alipendelea kuwahi bure kuliko kuchelewa kwa nauli. Aliingiza bomba kwenye tangi, akangoja mpaka likajikata lenyewe.

"Thelathini na tano nukta saba," alisoma.

"Soma tena."

"Hata nikiimba, ni thelathini na tano nukta saba."

Mama Pacha hakubishana. Alikwenda maabara, akarudi na chupa kubwa ya kupimia, ile ya lita tano, akamwambia Bonge ajaze. Pampu iliposema tano, mafuta yalikuwa kwenye mstari wa tano. Akarudia mara tatu. Pampu haikuwa na kosa. Gari lilikuwa linakwenda kilomita kumi na tisa na nusu kwa lita, na kioo cha dashibodi kilikuwa kinamdanganya mchana kweupe.

Lita mbili na ushee zilizozidi hazikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewafokea wanafunzi wa mafunzo kwa kosa hilohilo, la kuamini chombo ambacho hakuna mtu aliyekilinganisha na kingine. Yeye mwenyewe alikuwa amekiamini kioo kwa miezi miwili kwa sababu kilikuwa na nukta.

Jumamosi asubuhi alimfuata shemeji yake gereji. Alikuta miguu miwili ikichungulia chini ya lori.

"Shemeji, toka huko nikuone uso."

"Nasikia vizuri tu nikiwa huku."

"Ishirini na saba iko wapi?"

Miguu ilitulia. Kisha fundi akajivuta nje polepole, akaketi chini, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Ishirini na saba ipo," alisema. "Ila mwenye gari wa kwanza alikuwa anasambaza vifurushi mjini. Foleni, taa nyekundu, foleni. Hapo betri inafanya kazi. Ukishika breki inajichaji, ukiondoka inasukuma, injini imelala. Wewe uko barabara kuu, breki hushiki, injini inakokota peke yake mwanzo mpaka mwisho. Betri imekaa nyuma kama abiria."

"Ulisema likiona barabara kuu linazidi."

"Magari mengine yote yanazidi. Nikajua na hili."

"Ukajua."

"Nikadhani," alijirekebisha, na akatazama lori kama mtu anayetaka kurudi chini yake.

Kwa kujitakasa alimpa dawa zote alizokuwa nazo, bure. Akajaza upepo kwenye matairi mpaka kipimo alichotaka mtengenezaji. Akafungua keria ya juu ya paa. Akasema buti litolewe kila kitu. "Na punguza spidi. Kinachokula mafuta kule ni upepo. Ukitoka themanini ukaenda mia na kumi, unavyokusukuma kifuani ni karibu mara mbili."

Kwenye buti kulikuwa na majora mawili ya kitambaa cha kaki, kichwa cha cherehani kibovu na mfuko wa vifungo, vyote mali ya mumewe, ambaye alisema alivihifadhi humo kwa muda. Ule muda ulikuwa umeanzia kwenye gari la zamani.

"Sasa vitakaa wapi?" aliuliza mumewe.

"Dukani kwako, Baba Pacha. Kama vitambaa vya mafundi wengine."

Jumatatu, wakiwa njiani, alimgeukia Bonge.

"Bonge, una kilo ngapi?"

"Kwani unaninunua?"

"Jibu."

"Mia na nne. Zilikuwa mia na sita."

"Hongera. Kuanzia kesho panda basi."

Bonge alitazama mti mmoja mmoja ukipita dirishani. "Nimeachwa kwa mengi maishani," alisema mwishowe, "lakini si kwa ajili ya nukta."

Wiki hiyo, kwa spidi tisini, bila Bonge na bila kaki, pampu ilisoma lita thelathini na nne nukta sita. Wiki ya tatu alishuka mpaka themanini, akazima kiyoyozi, na akapandisha vioo vyote kwa sababu kioo kikiwa wazi kinakamata upepo. Alifika kazini kama mtu aliyeepuliwa jikoni. Malori yalimpigia honi. Kondakta wa basi alitoa kichwa nje akapaza sauti, "Mama, kama umechoka paki!" Yeye akatia pamba masikioni na kushika kushoto.

Thelathini na tatu nukta mbili.

"Nukta mbili," alisema Bonge, akiwa bado ameshika bomba. "Kikombe chenyewe cha chai." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mama Pacha, sikiliza. Wiki ijayo kidole changu kikiteleza mapema kidogo, nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si meneja."

"Bonge, kuna watu laki mbili wanakunywa maji yangu kwa sababu nikiandika namba, ni namba hiyohiyo. Rudisha bomba mahali pake."

Bonge akarudisha. Hakuwa amenuna. Alikuwa amejaribu, basi.

Mwisho wa juma hilo Mama Pacha alikaa na karatasi alizokuwa akiandika kila siku: saa ya kuondoka, spidi, hali ya hewa, mafuta. Asubuhi gari lilikuwa linakula vizuri. Jioni ndiyo lilikuwa linaharibu, kwa sababu kuanzia saa tisa upepo ulivuma kutoka upande wa mjini, ukamkabili usoni njia nzima, na haukutulia mpaka jua lilipokaribia kuzama. Hilo moja. La pili lilikuwa lile neno la shemeji, betri imekaa kama abiria. Abiria huyo alihitaji kazi, na kazi yake ilikuwa breki.

Ilikuwepo barabara ya zamani. Urefu ni uleule, ila inapita katikati ya kila kituo cha biashara, na kila kituo kina matuta yake, vivuko vyake vya pundamilia na watu wanaovuka huku wakisimulia. Mama Pacha aliipita Jumatatu jioni ya wiki ya mtihani, baada ya kukaa maabara saa mbili nzima akingoja upepo ufe. Alihesabu matuta arobaini na sita. Kila alipogusa breki kabla ya tuta, mshale wa betri ulipanda. Kila alipoondoka, injini ilinyamaza kama mtoto aliyeambiwa kuna wageni, na gari likateleza kwa betri tupu, halina sauti, mpaka mwenye duka mmoja akaruka pembeni na kumtukana.

Alifika nyumbani saa mbili na nusu usiku. Watoto walilala saa mbili. Mumewe alikuwa anapiga pasi makola ya mashati.

"Umechelewa," alisema.

"Nimeokoa karibu robo lita."

"Pole. Hongera. Sijui ni ipi."

Jumanne hivyohivyo, Jumatano hivyohivyo. Asubuhi aliondoka saa kumi na moja na nusu, watoto wakiwa fofofo, kwa sababu kwa spidi themanini njia ni ndefu. Usiku aliwakuta wameshalala. Chakula chake kilikuwa kimefunikwa sahani. Alikila amesimama, akiandika kwenye karatasi zake, na kila siku namba zilikuwa nzuri kuliko za jana yake.

Ijumaa Bonge alisoma pampu mara tatu bila kuambiwa.

"Thelathini na mbili nukta moja. Mama Pacha! Thelathini na mbili nukta moja!"

Meneja alishuka ofisini kuangalia mwenyewe. Alisoma, akalinganisha na karatasi, akatia sahihi. "Sikutegemea," alisema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. "Basi namba nne nitampa mtu wa umeme."

"Mpe," alisema Mama Pacha.

Alirudi kwa barabara ya zamani, kwa mazoea tu, ingawa kubana mafuta hakukuwa na kazi tena. Kichwa kilikuwa kimemvimba. Matuta yote arobaini na sita aliyaona kama rafiki zake.

Jumamosi asubuhi mapacha walikuja mezani kunywa chai. Mmoja aliitwa Mkubwa kwa sababu alitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na moja, na hajawahi kumwachia mwenzake asahau. Mwingine, Mdogo, aling'ata mkate kwa upande.

"Mbona unakula kama mbuzi?" aliuliza mama yake. "Fungua mdomo."

Mdogo akafungua. Palikuwa na pengo kubwa, kavu, lisilo na hata alama ya damu.

"Jino limetoka lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hii iliyopita. Shuleni. Nikalia. Mwalimu akanipa maji ya chumvi."

"Mimi sikuambiwa?"

"Nilikuwekea mezani ulione," alisema Mdogo. "Baba akafagia."

Fundi cherehani aliinamia chai yake. "Nilidhani ni kifungo," alisema.

Mama Pacha alitoa kalamu kwenye mkoba, akageuza karatasi ya mafuta upande wa nyuma, akaanza kuandika, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufikiri. Wiki ile, Jumatatu mpaka Ijumaa, alikuwa ameonana na watoto wake wakiwa macho muda gani? Asubuhi, hakuna. Usiku, hakuna, isipokuwa Alhamisi, Mkubwa alipoamka kwenda chooni. Wakasalimiana kwenye korido. Akaandika: dakika mbili. Akalitazama hilo, akaona pamoja na kwamba ni kidogo, ni kweli. Wiki nzima alikuwa ameishi namba nne. Tofauti ni kwamba namba nne yake ilikuwa na magurudumu na matuta arobaini na sita.

"Mama," alisema Mkubwa, ambaye alikuwa anaisoma ile karatasi kichwa chini. "Kwani ulikuwa unabana mafuta ya nini?"

"Nisihamie kazini."

"Ungehamia kazini ingekuwaje?"

"Msingeniona katikati ya wiki."

Mkubwa alifikiri. Alifikiri vizuri, mkono kwenye kidevu, mpaka dada yake akamkanyaga chini ya meza.

"Sijauliza kwa ubaya," alisema Mkubwa.

"Hujauliza kwa ubaya," alikubali mama yake. Alikuwa ameanza kupiga hesabu nyingine. Safari tano kwa wiki, kilomita mia saba. Mtu akilala kazini Jumanne na Alhamisi, safari ni tatu, kilomita mia nne na ishirini. Kwa spidi mia, kiyoyozi kikiwaka, upepo ukitaka uvume usivume, hizo ni lita ishirini na moja na nusu. Jioni tatu angekuwa nyumbani saa kumi na moja na nusu. Jioni mbili asingekuwepo kabisa. Aliziandika pia hizo mbili, na hakuziandika kwa herufi ndogo.

Akawaeleza wote watatu hapohapo, chai ikipoa.

"Jumanne na Alhamisi hatukuoni?" aliuliza Mdogo.

"Hamnioni."

"Hata usiku?"

"Hata usiku. Ila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja na nusu niko mlangoni. Mkiwa na jino, mwalimu, ugomvi, mnaniletea mimi."

"Na ukichelewa?"

"Sichelewi."

"Wiki hii umechelewa kila siku."

"Wiki hii nilikuwa nashindana na pampu," alisema Mama Pacha. "Nimeshaishinda."

Mumewe alisukuma kikombe pembeni. "Na usiku wa Jumanne nitapiga pasi na nani?"

"Na redio. Ndivyo ulivyofanya wiki nzima."

"Redio haigombi," alisema fundi cherehani. Kisha akasema, taratibu, "Haya. Jumanne na Alhamisi. Lakini Mama Pacha, hizo nyingine tatu ziwe kweli."

Jumatatu asubuhi meneja alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lililomtia Mama Pacha wasiwasi.

"Ngoja nielewe," alisema. "Nilikutaka uhame, ukakataa. Tukawekeana kiwango, ukashinda. Sasa umeshinda, unataka ufunguo."

"Wa Jumanne na Alhamisi."

"Nimeshamwambia mtu wa umeme."

"Vyumba viko viwili, na ana zamu za usiku. Ratiba yake nimeiangalia. Siku nikiwepo, yeye yuko zamu kwenye swichi za mitambo."

Meneja alivuta kikokotoo. Akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Lita ishirini na moja na nusu hazikutaka kubadilika. Akachukua ile karatasi yake ya mwanzo na kusoma kwamba mtaalamu wa maabara akae kwenye nyumba za kampuni. Haikusema siku ngapi. Akafungua droo.

"Ungesema hivi tangu mwanzo," alisema, akimpa ufunguo, "tungeokoa mwezi."

"Tangu mwanzo nilikuwa sitaki," alisema Mama Pacha. "Na huo usiku wa siku mbili bado siutaki. Nimepima tu."

Jumanne alilala namba nne. Maji hayakukatika. Ukutani palikuwa na msumari mmoja, akatundika koti. Saa mbili usiku alipiga simu, wakaongea wote wanne kwa mpigo, na hakuelewa chochote ila kwamba Mkubwa anamsingizia mtu. Kisha akakaa kitandani na kusikiliza mitambo ikinguruma mpaka usingizi ukamchukua, usingizi mbaya, wa kugeukageuka.

Jumatano saa kumi na nusu aliingia barabara kuu. Upepo ulikuwa palepale, ukimkabili usoni. Alikanyaga mafuta mpaka mia, akawasha kiyoyozi, akaona namba kwenye kioo ikianguka, ishirini, kumi na tisa nukta nane, kumi na tisa nukta tatu, na alijua ukweli uko chini hata ya hapo. Akaendelea. Aliyapita malori manne. Basi moja lilimpita, kondakta akamtazama mara mbili.

Alipofungua mlango wa nyumbani, mapacha walikuwa wamelala chali sebuleni mbele ya televisheni, na sare za shule mwilini, viatu juu ya kochi, vyombo vya mchana vimejaa kwenye beseni. Walikurupuka kama wezi.

"Mama! Umewahi!"

"Vyombo," alisema Mama Pacha. "Sare. Viatu."

"Ulisema saa kumi na moja na nusu," alisema Mkubwa. "Bado."

Mama yao alitazama saa ya ukutani. Kisha akatazama ya mkononi, akailinganisha na ya simu. Zote tatu zilisema kumi na moja na dakika ishirini na nne.

"Zimebaki sita," alikubali, akasogeza viatu pembeni, akaketi kati yao na mkoba mapajani, akangoja ziishe.